Alinisamehe, Lakini Hakurudi

Kama uko ndani ya matatu unaelekea kazini, au umeketi jikoni ukingoja chai ichemke, nakuomba dakika kumi tu. Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida, na haikuwa rahisi kwangu kuuandika. Usome wote kabla hujasema Amina.

Neno letu linatoka Mwanzo 37 hadi 50, habari za Yusufu na ndugu zake. Lakini kabla hatujafungua Biblia, wacha nitubu mbele yako.

Mwaka wa 2013, dada mmoja wa kanisa letu alikuja kuniona jioni baada ya maombi ya katikati ya wiki. Alikuwa amejifunga leso kichwani, ameishusha hadi karibu na jicho. Alipoifungua nikaona ni kwa nini. Hakuja kuomba pesa. Alikuja na swali moja tu: "Pasta, nifanye nini?"

Nilikuwa mchungaji kijana mwenye majibu mengi. Nilimfungulia Mithali 14, nikamwambia nyumba yake iko mikononi mwake. Nilimfungulia Mathayo 18, nikamwambia hata Petro alidhani mara saba zinatosha, na Yesu akamwonyesha kwamba hazitoshi. Nikamwekea mikono, nikaomba kwa sauti kubwa. Kisha nikamwambia maneno ambayo sijayasahau hata siku moja: "Dada, samehe, urudi nyumbani."

Akarudi. Alinitii mimi akidhani anamtii Mungu.

Wiki tatu baadaye jirani yake alinipigia simu saa nane usiku. Nilipofika hospitalini, nilimkuta mkono umevunjika mahali pawili. Watoto wake wawili walikuwa wamelala kwenye benchi na sare za shule, maana ndizo nguo zilizokuwa karibu walipokimbia. Dada yule hakunilaumu. Aliniangalia tu, kisha akageukia ukuta. Alipotoka hospitalini aliwachukua watoto wake akaenda kwa dadake, mji mwingine. Kanisani kwetu hakukanyaga tena.

Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Alisema, "Andika, Pasta. Lakini usitaje jina langu wala mji wangu." Nimemheshimu.

Mpendwa, nilimkosea dada yule mahali gani? Je, nilikosea kumwambia asamehe? Hapana. Nilikosea kuunganisha mambo mawili ambayo Biblia haiyaunganishi: kusamehe, na kurudi. Na najua si mimi peke yangu. Madhabahu nyingi za nchi hii zimewaambia watu waliojeruhiwa kwamba ukisamehe kweli, lazima mambo yawe kama zamani. Leo nataka tulitengeneze hilo kwa Neno.

YUSUFU ALISAMEHE LINI?

Yusufu alikuwa na miaka 17. Ndugu zake walimtupa shimoni, kisha wakamuuza kwa vipande 20 vya fedha, wakarudi kwa baba yao na kanzu yenye damu. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na utumwa, kulikuwa na kusingiziwa, kulikuwa na gereza.

Sasa soma Mwanzo 41 pole pole. Kabla njaa haijaingia, Yusufu anapata mtoto wa kwanza na kumwita Manase, kwa kuwa Mungu amemsahaulisha taabu zake. Angalia vizuri: ndugu zake bado hawajaonekana. Hakuna aliyeomba msamaha. Hakuna aliyetuma salamu. Lakini kila akimwita mtoto wake mezani, Yusufu anatamka kwamba lile deni ameliacha. Kusamehe alikufanya yeye na Mungu wake, wakati wakosaji wako mbali na hawana habari.

Halafu ndugu wakaja kununua chakula. Wengi wetu tungetaka Yusufu awakumbatie siku ile ile. Hakufanya hivyo. Alizungumza nao kupitia mkalimani kama mgeni. Aliwaweka kifungoni siku tatu. Akambakisha Simeoni. Akataka Benyamini aletwe. Lakini wakati huo huo aliwajazia magunia nafaka na kuwarudishia pesa zao kwa siri. Na walipoanza kukumbushana walivyomtendea, alienda kando akalia, akarudi na sura ile ile ya mkuu wa Misri.

Wako watu wanaosema Yusufu alikuwa analipiza kisasi. Mimi sioni hivyo. Mtu anayelipiza kisasi hakupi chakula na kukurudishia pesa. Yusufu alikuwa anatafuta jibu la swali moja: hawa ni watu wale wale waliomuuza mtoto? Jibu alilipata Mwanzo 44. Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kuuza, alisimama akasema yeye abaki mtumwa, Benyamini arudi kwa baba. Hapo Yusufu hakuweza kujizuia tena. Akawafukuza watumishi wote chumbani, akajitambulisha.

Umeona mpangilio? Msamaha ulitangulia miaka mingi. Kuaminiana kulikuja baadaye, baada ya tunda kuonekana. Kusamehe ni kazi ya mtu mmoja, kupatana ni kazi ya watu wawili. Ndiyo maana unaweza kumsamehe hata mtu aliyekufa, lakini huwezi kupatana na mtu ambaye bado ameshika fimbo.

Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia dada yule. "Samehe, mwanangu, maana chuki itakula moyo wako. Lakini leo usiku hulali kwako. Utalala kwetu na mama mchungaji. Kesho tunaenda hospitali, tunaenda polisi, unapewa nambari ya OB na fomu ya P3. Mumeo akitaka mke wake, aje kwa toba, tumwone mwaka mzima." Mtume Paulo mwenyewe, katika Warumi 13, anasema mamlaka imewekwa na Mungu kumshughulikia atendaye maovu. Na nchi yetu ina sheria ya kuwalinda watu dhidi ya unyanyasaji wa nyumbani tangu mwaka wa 2015. Kuitumia sheria hiyo si kukosa imani.

Hata kama taifa tumewahi kuchanganya mambo haya. Baada ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na wengine laki kadhaa wakafurushwa makwao. Mwezi Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Wako waliorudi wakajenga tena kando ya majirani wao, na tunamshukuru Mungu. Lakini wako waliosema, "Nimesamehe, ila sitalala tena pale nilipoona nyumba ikichomwa na mtu ninayemjua." Wengi tuliwaona watu hao kama wenye uchungu moyoni. Nani alituambia? Mtu anaweza kupanda mahindi kaunti nyingine na moyo wake uwe mweupe kabisa.

BASI KUSAMEHE KUNA FAIDA GANI?

Najua kuna anayeuliza, "Pasta, kama sirudi, na yeye hajaomba msamaha, nisamehe kwa nini?"

Rudi Mathayo 18. Mtumwa mmoja alidaiwa na mfalme talanta 10,000. Mwenzake alikuwa na deni lake, dinari 100. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku moja, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Tuseme kibarua wa leo analipwa shilingi 500 kwa siku. Dinari 100 ni shilingi 50,000. Talanta 10,000 ni shilingi bilioni 30.

Wahubiri tunapenda kuzicheka zile dinari 100. Lakini mpendwa, elfu hamsini si pesa ndogo! Ni karo. Ni kodi ya nyumba. Yesu hakusema deni lako ni la bure. Alichukua deni halisi linaloumiza, akaliweka kando ya lile ambalo wewe mwenyewe umefutiwa. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba ulichofanyiwa ni kidogo. Kama kingekuwa kidogo, kusingekuwa na la kusamehe.

Kusamehe ni kuacha kudai. Ulimdhamini rafiki mkopo kwenye sacco, akatoroka, ukakatwa mshahara miaka miwili. Leo mkopo umeisha, lakini bado unamdai. Ukisikia jina lake chakula kinakosa ladha. Unachungulia simu usiku uone kama amenunua gari. Akipata shida, unafurahi kidogo, halafu unaona aibu kwa kufurahi. Sacco imeacha kukukata, wewe bado unajikata. Mwachilie huyo mtu, uanze kulala.

Na je, akirudi na fomu nyingine ya mkopo? Msalimie vizuri, mpe chai, muulize habari za watoto. Ile fomu usitie sahihi. Umesamehe, lakini hukupoteza akili.

NA WEWE MWENYEWE?

Sasa nifike mahali penye kuniuma.

Kwa miaka saba sikumpigia simu dada yule. Nilihubiri msamaha mara nyingi, na watu walilia, na mimi koo likakauka. Mwezi Machi 2020 makanisa yakafungwa kwa sababu ya Korona. Nikakosa mahali pa kujificha. Hakukuwa na vyombo, hakukuwa na kwaya, hakukuwa na ratiba. Nilikuwa mimi na Mungu sebuleni. Jumapili moja nikapiga.

Niliomba msamaha bila kujieleza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Pasta, baba watoto nilimsamehe kitambo. Wewe ndiye ulinishinda. Yeye alikuwa amelewa. Wewe ulikuwa na Biblia mkononi."

Sikuwa na jibu, mpendwa. Na wewe ungesema nini hapo?

Baadaye akaendelea: "Lakini nimekusamehe. Si leo, ni zamani kidogo, nilichoka kukubeba. Ila kanisani kwako sirudi. Nimepata kanisa huku."

Mwanamke niliyemfundisha vibaya akanifundisha vizuri. Alinisamehe, na hakurudi, na msamaha wake ulikuwa kamili.

Ungedhani siku ile nilitoka huru. La. Nilianza kujiadhibu. Nilifunga kula, lakini haikuwa kumtafuta Mungu, ilikuwa kulipa. Nilikataa kushauri wanandoa. Watu wakinisifu mtandaoni, nilijiambia, wangejua! Hadi mama mchungaji akaniuliza usiku mmoja: "Baba, huyo dada amekusamehe. Mungu amekusamehe. Wewe unakata rufaa kwa nani?"

Ndipo nikasoma Mwanzo 50 kwa macho mapya. Yakobo aliishi Misri miaka 17, kisha akafa. Baada ya mazishi, ndugu za Yusufu wakaingiwa na hofu: sasa baba hayupo, atatulipa. Wakatuma ujumbe wa kujitetea. Miaka 17 walikuwa wamekula mkate wake, wamekaa Gosheni kwenye malisho mazuri, watoto wao wamekua mbele yake. Na miaka yote hiyo walikuwa wanangoja kuadhibiwa! Walikuwa wamesamehewa, lakini hawakupokea.

Na Yusufu alifanya nini aliposikia ujumbe ule? Alilia. Hakukasirika, alilia. Nilipofika hapo nikaweka Biblia chini. Nilidhani kujichukia kwangu ni unyenyekevu. Kumbe nilikuwa namwambia Mungu wangu, "Sikuamini."

Lakini sikia, kujisamehe si kujitetea. Si kusema "yaliyopita si ndwele" huku uliyemvunja bado anauguza mkono. Kuna njia yake:

1. Taja kosa kwa jina lake. Usiseme "kama kuna mtu nilimkwaza." Sema, "Nilikupa ushauri mbaya, ukaumia." Sema, "Niliuza shamba la mayatima." Sema, "Niliwaacha watoto wangu bila karo nikajenga kwingine."

2. Mwendee uliyemkosea, na usimdai chochote. Msamaha wake ni mali yake. Akikupa, shukuru. Akikataa, heshimu. Na kama kukuona kutamwogopesha, usiende. Tuma mtu anayemwamini, au kaa mbali.

3. Rudisha unachoweza kurudisha. Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne. Mimi siwezi kurudisha mkono wa dada yule usiku ule. Lakini katika kanisa letu leo hakuna mchungaji wala mzee anayeruhusiwa kumwambia mtu aliyepigwa arudi. Tuna akina mama wawili wanaomsindikiza mtu hospitali na kwenye dawati la jinsia la polisi, na sehemu ya sadaka ya mwezi imewekwa kando kwa nauli na kodi ya nyumba. Ni dada yule aliyetuambia tuanzie hapo.

4. Kisha pokea. Ukishafanya hayo, acha kulipa deni lililofutwa. Amka, oga, nenda ukatumike.

Pengine uliyemkosea amekwisha kufa. Mama alikungoja Krismasi tatu hukwenda, na ya nne ulikuta kaburi. Mpendwa, toba haizuiwi na kaburi. Mwambie Mungu yote. Halafu yule mzee jirani anayeishi peke yake, mpelekee unga. Hutamlipa mama yako kwa hilo, lakini upendo uliokawia utakuwa umepata mahali pa kwenda.

Na kuna wewe unayejilaumu kwa kosa ambalo si lako. Ulipigwa, ukajiambia ulijibu vibaya. Ulinajisiwa ukiwa mtoto, ukajiambia ungepiga kelele. Dada, kaka, hapo huna la kujisamehe. Huo mzigo ni wa mtu mwingine, na leo nauondoa mabegani mwako kwa jina la Yesu. Kama unapigwa sasa hivi, usingoje nikujibu hapa. Piga 1195, haitozwi pesa. Kisha njoo kanisani, utatukuta.

TUOMBE

Baba, katika jina la Yesu, umetufutia deni tusiloweza kulilipa. Tupe neema ya kumwachilia aliyetukosea, na hekima ya kujua kama tutarudi au hatutarudi. Utusamehe sisi watumishi wako tuliotumia Neno lako kuwarudisha watu motoni. Mponye dada yetu, na watoto wale waliolala kwenye benchi, ambao sasa ni vijana. Na mtu anayesoma hapa akiwa amejifungia ndani ya kosa lake, mwonyeshe kwamba mlango uliufungua wewe, na hakuna mtu aliyeufunga tena. Amina.

Kama umeomba nami, andika AMINA. Lakini kabla ya kuandika, mpigie simu yule mtu. Unamjua. Amina yako inaweza kungoja.

Na mchungaji mwenzangu unayesoma kimya kimya: wewe pia unamjua wako.

Mungu akubariki. Tuonane Jumapili.
Mchungaji wako